Simu ya Wazee wa Olebile

Mume wangu Olebile hana haraka ya kusema, na mimi Mwatumu nina haraka ya kila kitu. Kumbe alilelewa hivyo. Babake alikuwa chifu wa Watswana, na kwao chifu akikaa barazani husikiliza kila mtu, hata mlevi, ndipo anasema wa mwisho.

Mzee yule nilimpenda kweli. Mwaka 1998 alikuja kwetu Pearland, Marekani, akaweka kiti kwenye gereji ya nyumba yetu, mlango wazi. Wiki haijaisha, jirani yetu Onyancha na mkewe wakamletea ugomvi wao wa ndoa, Olebile akitafsiri. Mzee alisikiliza saa tatu nzima. Wali wangu ukaungua.

Alifariki 2003. Baada ya mazishi, Jumamosi asubuhi, wazee wa ukoo wake walipiga simu, tukaiweka spika mezani. Walisema Kiingereza kwa heshima yangu. Olebile ndiye mtoto wa kiume pekee. Arudi Botswana akavishwe ngozi ya chui, awe chifu.

Nilikuwa na kazi yangu hospitali, binti yetu Queen yuko shule, na huyu mwanamume ndiye kila kitu changu. Wazee wakasema mmoja mmoja. Yeye akawasikiliza tu.

"Si useme basi!" nikamfokea. "Watu wana-wait! Unaenda au huendi?"

"Mama Queen, wewe bado hujasema."

Nikasema yote, kwa hasira na machozi. Sitaki aende. Ila nikimzuia, naogopa atanichukia uzeeni.

Akainamia simu. "Dada yangu Gaone yuko wapi?"

Yuko jikoni, wakajibu, anapika.

"Amemuuguza baba miaka minne, na kesi za watu walikuwa wakizijadili pamoja. Mwiteni na yeye aseme."

Tukasikia kiti kikivutwa, halafu sauti ya mwanamke, bila kutetemeka: "Nakitaka kiti cha baba."

Wazee wakapandisha sauti wote kwa pamoja. Mwanamke! Olebile aliwangoja mpaka wakachoka wenyewe.

"Mimi ndiye mrithi, na nimewasikia wote," akasema. "Kiti namwachia Gaone. Atakayempinga, anipinge mimi kwanza."

Simu ilipokatika nilimrukia kwa furaha, nikamkuta analia.

"Nami nilikuwa nakitaka, Mama Queen," akasema. "Tangu nikiwa mdogo."

Asubuhi nzima nilimuuliza kama ataenda. Kama anataka, sikumuuliza.