Kibali cha Kumzika Mzee Nyanda

"Dini ya marehemu?" mtendaji wa kijiji aliuliza, macho yakiwa kwenye fomu.

Limbu, mzaliwa wa kwanza wa marehemu, alikuwa kwenye benchi la ofisi tangu saa moja asubuhi. Baba yake, mzee Nyanda, alilala nyumbani amefunikwa toka jana, na joto la Simiyu halina adabu ya msiba.

"Baba aliabudu wahenga wake. Aliacha neno tumzike ukingoni mwa zizi, ndani ya ngozi ya ng'ombe mweusi."

"Fomu ina Mkristo na Mwislamu. Yeye yuko wapi?"

"Hayupo hapo, mtendaji."

"Basi hajafa." Mtendaji Josia akacheka peke yake, kama anayesikiliza redio yake mwenyewe.

"Lakini mkutanoni ulisema kila mtu na imani yake."

"Imani, mayo, mama wee! Hiyo yenu ni ushirikina. Nawe punguza mdomo. Ukiendelea naandika kifo kina utata, wampeleke hospitali Bariadi wakampasue."

Limbu aliwaza kisu. Akawaza na inzi. Akatia alama ya vema kwenye Mkristo. Jina la ubatizo alilichagua Josia mwenyewe, haraka, kama anayemwita ndama: Petro. Muhuri ukagongwa.

Saa kumi jioni walikuwa kwenye makaburi ya kanisa, sanduku la mbao likiteremshwa kwa kamba.

"Tumwombee ndugu yetu Petro," alisema katekista Elia.

"Petro ndo nani?" Shangazi Milembe alipaza sauti. "Mie nimekuja kumlilia kaka yangu!"

Vijana wakaficha vicheko. Limbu hakucheka. Kwao mzaliwa wa kwanza husimama kaburini na kuwaita wahenga, mmoja mmoja, awaambie anayekuja ni nani. Marehemu asipotajwa, atafika kwao mgeni, abaki mlangoni.

Akasogea ukingoni. "Machibya! Shija! Mboje! Fungueni, anakuja mtoto wenu..."

"We Limbu!" Josia alifoka, kisha akamgeukia mwalimu wa kwaya, akampungia mkono. Kinanda kikanguruma kwenye spika. Kwaya ikapandisha pambio, makofi juu, na sepetu zikaanza kumwaga udongo.

Limbu aliendelea kuita. Mishipa ya shingo ilimtoka. Waliosimama karibu waliona midomo tu ikicheza. Alipofika kwenye jina la baba, hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.