Fahali Asiyeweza Kuvua Kichwa

Brigid alikuwa amemwahidi baba yake mambo mawili: kwamba Jumamosi angempeleka uwanjani Eldoret kutazama mpira, na kwamba huko angemwonyesha kijana anayetaka kumwoa. Jambo la tatu hakulisema. Kijana mwenyewe, Eliakim Wesonga, karani wa maktaba ya chuo, ndiye aliyekuwa ndani ya vazi la fahali, maskoti wa timu yao.

Mpango ulikuwa mzuri. Kabla mpira haujaanza, rafiki yake Byron angefika na suti kutoka kwa dobi, wabadilishane, naye Eliakim aende kumwamkia mzee kama mtu. Lakini Byron alipiga simu akasema pikipiki imempasukia gurudumu huko Plateau. Ndani ya fahali, aliyeshonwa kwa blanketi nzito, Eliakim alikuwa na kaptura na vesti tu, na mkwe hasimami mbele ya baba mkwe na vesti.

Mzee Zachariah aliketi benchi la mbele. Alikuwa akiuza viazi Burnt Forest, lakini moyo aliuacha kwao Shinyalu, alikofuga mafahali wa kupigana. Alimtazama yule fahali akiwapungia wasichana mkono.

"Brigid, hiyo ni fahali ama ni mwanasiasa?"

"Ni maskoti, Baba. Inachangamsha watu."

"Kwetu fahali haisalimii mtu."

Eliakim alisikia. Akashusha mkono.

Wakati wa mapumziko, maskoti wa wageni, kifaru mnene, akaja akitembea kwa madaha. Eliakim, mtu wa adabu, akasogea kando ampishe. Mzee akaruka juu.

"Wee! Unampisha nyumbani kwako? Inamisha kichwa!"

Kwao Eliakim hawapiganishi mafahali, lakini sauti ya baba mkwe haipingwi. Akainamisha kichwa.

"Panua miguu!" Akapanua. "Sasa sukuma! Polepole, usimpe mgongo!"

Akasukuma.

"Boss," kifaru akanong'ona, "si ni mchezo tu?"

"Pole, boss. Mkwe wangu ananiangalia."

Kifaru akateleza kwenye tope, akainuka, akakimbilia upande wa timu yake. Shinyalu, anayekimbia ndiye aliyeshindwa. Hakuna haja ya refa. Mzee Zachariah akavunja tawi kwenye ua, akaruka kamba ya uwanja akiimba, wanaume wengine wa Magharibi wakimfuata kwa filimbi. Akamshika fahali pembe.

"Huyu nataka kumwona uso. Vua kichwa!"

Fahali akatikisa kichwa.

"Anaona haya, Baba," Brigid akasema.

"Haya ya nini? Na huyo wako wa vitabu yuko wapi? Namngoja tangu asubuhi. Mwanamume anayejificha nisimwone, mimi nimpe binti? Wacha nirudi kwangu."

Akageuka kweli. Eliakim akaona asiponena sasa, hatanena tena.

"Mzee, niko hapa," akasema kutoka ndani ya kichwa cha sponji. "Ni mimi Eliakim. Sijajificha. Ni vile ndani nina vesti tu."

Wimbo ukakatika. Mzee akaiachia pembe kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kwao mkwe huheshimiwa kwa mbali, kumbe yeye alikuwa amemshika kichwa mbele za watu! Akarudi nyuma hatua mbili, akaelekeza macho golini, akavua koti lake na kumpa Brigid.

"Mpe avae. Na umwambie," akasema, kana kwamba Eliakim yuko mbali huko Ainabkoi, "wazee wao waje kwangu mwezi huu."

Eliakim akaenda nyuma ya choo. Aliporudi, mikono ya koti ilikuwa imemfika viwikoni, na chini bado alikuwa na miguu ya fahali na mkia. Mzee akasogea kidogo kwenye benchi bila kumtazama.

"Ulisukuma vizuri," akauambia uwanja. "Ni magoti tu ndiyo ya maktaba. Hayo tutarekebisha."