Sungura Aliyenyweshwa Uji

Mama mwenzangu unayefuga, soma haya polepole. Nyanchama hakuwa mvivu, na wala hakuwa na roho mbaya. Kama angekuwa mvivu kidogo tu, sungura wake asingepata mateso yale.

Nyanchama aliolewa na Jethro, wakakaa Gesima, juu kule ambako chai inashuka mpaka mtoni. Mwaka wa 1967 binti yao Loice, akiwa darasa la pili, alirudi kutoka shule na sungura mweupe ndani ya sweta. Chama cha 4-K, kile cha kufundisha watoto wa shule kilimo na ufugaji, kilikuwa kimegawa vitoto vya sungura kwa wanafunzi. Siku ya kwanza tu sungura huyo alikula ukurasa mzima wa kijitabu cha lesoni ya Sabato cha Jethro, tena bila haraka, akianza juu kushuka chini, kama karani anayesoma barua ya serikali. Wakamwita Karani.

Watoto wengine wa kijiji walipewa sungura siku ileile, lakini hakuna sungura aliyemaliza mwaka. Waliliwa. Karani peke yake alibaki, kwa sababu kwa Wasabato sungura hafiki chunguni, na Jethro alikuwa mzee wa kanisa. Basi akaishi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka watu wakaanza kupita wakimwangalia kama wanavyoangalia gari bovu linaloendelea kutembea.

Jirani yao Cleophas, Mkatoliki mwenye maneno, hakumwacha Nyanchama apumzike.

"Mama Loice, yule mzee wenu bado yuko?"

"Yuko. Anakusalimia."

"Mwambie aharakishe kufa. Akizeeka zaidi hata sisi tusiokatazwa tutamkataa. Wangu nilimtafuna Pasaka ya sitini na nane, akiwa laini."

Walicheka wote wawili. Lakini ndani ya kicheko hicho kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kutoka Gesima mpaka Daraja Mbili, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwona sungura mzee. Nani angejua anavyozeeka, ikiwa wote wanaishia kwenye sufuria?

Mzee ambaye Nyanchama alimjua ni mama mkwe wake, Bosibori. Huyo alikuwa hana jino hata moja. Kila asubuhi Nyanchama alimpondea ndizi za kuchemsha, na jioni alimpikia uji mwepesi wa wimbi. Bosibori alikaa karibu na moto, Karani mapajani, akila kijiko kimoja na kumpa sungura kijiko cha pili. "Tule, mzee mwenzangu," alimwambia. Miaka miwili walikula hivyo. Bosibori alipofariki mwaka wa 1972, Nyanchama aliendelea kuponda ndizi ya sungura peke yake. Mkono ulikuwa umezoea, na moyo ulikuwa na majonzi.

Januari iliyofuata Loice alikwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Asubuhi ya kuondoka, sanduku likiwa tayari mlangoni, alimshika mama yake mkono.

"Mama, shule itafungua na kufunga, lakini likizo ndogo nitakuwa kwa shangazi. Sitarudi hapa mpaka Desemba. Nikija nimkute Karani."

"Utamkuta."

"Akiwa mzima."

"Nimesema utamkuta, Loice. Panda gari."

Neno hilo lilikaa juu ya Nyanchama kama mzigo wa kuni. Alikuwa mama wa kushika paji la uso la mtoto mara tatu kabla ya chai. Sasa wasiwasi wake wote, kwa vile mtoto yuko mbali, ukahamia kwa sungura.

Mwezi wa saba aliona manyoya ya kidevu cha Karani yameloa mate. Akampa jani la kunde, akalishika, akalitafuna upande mmoja, likamdondoka. Akampa nyasi, akazinusa, akageuka. Nyanchama hakushangaa. Alikuwa ameona hayo kwa Bosibori. Akamwambia Jethro:

"Meno yameanza kumwishia."

"Uzee," alisema Jethro. "Hakuna dawa ya uzee."

Basi akamtunza kama alivyojua. Nyasi akaacha kabisa kumpa, zisimchubue fizi. Mabua ya mahindi aliyopenda kuguguna akayatoa. Akaona pia kwamba Karani anatafuna mlango wa banda lake, ule wa mbao, akaogopa atavunja yale meno machache yaliyobaki. Jethro akapigilia bati juu ya mbao zote. Chakula kikawa uji asubuhi, ndizi za kuponda mchana, uji jioni. Na kila Karani alivyokonda, Nyanchama aliulainisha uji zaidi.

Akamwandikia Loice: "Karani hajambo. Meno yamemwishia kama bibi yako lakini usiwe na wasiwasi, namnywesha uji mwenyewe kwa kijiko." Loice akajibu: "Asante sana Mama. Mungu akubariki kwa kumtunza." Barua hiyo Nyanchama aliiweka ndani ya Biblia.

Ilipofika Novemba, uti wa mgongo wa Karani ulikuwa kama msumeno. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi. Siku mbili mfululizo alikataa hata uji. Shule ingefungwa baada ya wiki tatu na siku chache. Nyanchama alikaa mbele ya banda akihesabu kwa vidole, akahesabu tena, na vidole vikamwambia mnyama huyu hatafika.

Jumanne ilikuwa siku ya josho. Ng'ombe wote wa upande ule walipelekwa kuogeshwa dawa ya kupe, na Bwana Mifugo, kijana mmoja aitwaye Ogari, alikuja kwa baiskeli na buti zake za mpira. Nyanchama akamfunga Karani ndani ya leso, akamtia kwenye kikapu, akapanga foleni pamoja na wanaume na ng'ombe wao.

Mtu mmoja, Manasseh, akachungulia kikapuni.

"Mama Loice, huyu naye ana kupe? Tumtumbukize?"

"Mwache apite," akasema Cleophas kutoka nyuma. "Amekuja kuandikisha majina. Si ni karani?"

Wanaume wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Nyanchama alisogeza kikapu mbele. Alipofika mbele alisema kwa sauti ndogo:

"Bwana Mifugo, nisaidie. Ameishiwa na meno kwa uzee. Nataka dawa ya nguvu tu, afike Desemba."

Ogari alimwinua sungura, akampima kwa mkono, akakunja uso. "Anakula nini?"

"Uji. Na ndizi laini. Nampikia mwenyewe."

"Nyasi?"

"Nyasi atazitafuna na nini, mwanangu?"

Ogari alikaa juu ya jiwe, akamlaza Karani magotini, akavuta midomo yake pande mbili kwa vidole gumba. Harufu ikatoka, harufu ya kidonda cha siku nyingi, na Manasseh aliyekuwa akicheka akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, njoo uone."

Nyanchama aliinama. Alitegemea kuona fizi tupu, nyekundu, kama za marehemu Bosibori. Alichoona hakukiamini, akafikiri ni kitu kimemkwama mnyama mdomoni, kijiti au mfupa. Yalikuwa meno. Mawili ya chini yametoka mbele kama pembe za mbuzi, yamefichwa na midomo na manyoya yaliyoloa, marefu kuliko kucha ya kidole chake. Ya juu yalikuwa yamejikunja kuingia ndani, na moja lilikuwa limechimba nyama ya shavu mpaka likajificha humo. Ogari akamulika tochi nyuma zaidi. Huko magego yalikuwa yameota ncha, na pembeni mwa ulimi kulikuwa na mkato mweupe wenye usaha.

"Hayajaisha," alisema Ogari. "Yamezidi. Meno ya sungura hayaachi kukua, mama. Yanaota kama kucha mpaka siku anakufa. Anayapunguza mwenyewe kwa kutafuna nyasi na vitu vigumu kutwa nzima. Ukimpa uji, yatasuguana na nini?"

Ng'ombe mmoja alikuwa anakohoa ndani ya josho.

"Alikuwa anakula mlango," Nyanchama akasema. "Nikaufunika kwa bati."

"Alikuwa anajitibu."

"Nikaufunika kwa bati," alirudia, akakaa chini kwenye matope ya kwato, mke wa mzee wa kanisa, mbele ya wanaume. Hakulia. Alikuwa anakumbuka kila kijiko. Miezi minne alikuwa akimfungua mdomo huu kidogo tu, kiasi cha kijiko kuingia, na hakuwahi kuangalia. Mnyama alikuwa akikataa, yeye anambembeleza. Tule, mzee. Tule.

Manasseh alitaka kusaidia. "Mimi nina koleo la seng'enge hapa. Tukate, ni dakika moja."

"Weka koleo lako," Ogari akamwambia. "Jino hili ni kama chupa. Ukilibana linapasuka mpaka kwenye mzizi, halafu taya linaoza, na hapo utakuwa umemuua. Nani ana tupa ndogo, ile ya kunolea msumeno?"

Cleophas ndiye aliyekuwa na ile tupa. Alikimbia mpaka kwake, yeye ambaye alikuwa hakimbii hata mvua, akairudisha imeoshwa kwa maji ya moto. Ogari alimfunga Karani ndani ya leso mpaka kikabaki kichwa, akamwekea kijiti nyuma ya meno ya mbele kulinda ulimi, akaanza kukwangua taratibu. Lile lililoingia shavuni alilitoa mwisho, na damu ikafuata. Nyanchama alimshika Karani kichwa. Ogari alimwamuru aangalie, asifumbe macho, kwa sababu wiki zijazo Ogari mwenyewe atakuwa mbali, Nyamarambe, kwenye chanjo ya ng'ombe, na kazi hii itabaki kwa Nyanchama.

"Ya nyuma sina chombo cha kuyafikia," alisema alipomaliza. "Hayo nyasi peke yake ndizo zitakazojaribu. Leo nimepunguza nusu. Kila wiki umkwangue kidogo. Mtwangie nyasi mbichi kwenye kinu umlishe, lakini za kutafuna ziwe mbele yake kila saa. Ndani ya siku saba asipovuta jani mwenyewe, mama, usimtese. Mpe mtu amalize."

Nyanchama alirudi nyumbani, akachukua shoka, akabandua lile bati kabla hata ya kuvua leso yake ya kiunoni iliyojaa matope. Jethro alitoka akauliza kuna nini. Alipoambiwa, akaokota misumari mmoja mmoja, maana ni yeye aliyeipigilia.

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Nyanchama alitwanga nyasi, akamlisha kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, na kila alipomfungua aliangalia ndani. Sabato alikaa kanisani mwili tu. Siku ya tano Cleophas alipita, akasimama mbele ya banda na kofia mkononi.

"Unataka nifanye ile kazi? Sitamla. Nakuapia."

"Siku hazijaisha."

"Sawa. Nilikuwa nasema tu."

Siku ya sita, asubuhi, Nyanchama alikuta jani moja la nyasi kavu limevutwa kutoka kwenye fungu, limeingia nusu mdomoni mwa Karani, na taya linakwenda. Linakwenda kwa kupinda, linasimama, linakwenda tena. Hakuita mtu. Alichuchumaa pale mpaka jani likaisha.

Loice alifika Ijumaa moja mchana, sanduku kichwani. Nyanchama alikuwa nyuma ya jiko anaharakisha, jua lisije likazama na Sabato ikamkuta na tupa mkononi. Karani alikuwa amefungwa leso, kijiti mdomoni, mate na unga wa meno vinadondoka. Loice aliangusha sanduku.

"Mama. Unamfanya nini?"

"Nyamaza, asishtuke."

Akamweleza yote, akiendelea kukwangua, bila kumtazama usoni. Uji, bati, josho, shavu lililotobolewa. Hakujipunguzia kitu. Alisema, "Mimi ndiye niliyemfanya hivi. Mkono huu." Kisha akangoja mtoto amlaumu, maana hiyo ndiyo saa aliyoiogopa tangu Januari.

Loice hakulaumu.

"Tulisoma," alisema.

"Mlisoma nini?"

"Biolojia. Muhula wa pili. Kuna picha ya fuvu la sungura. Mwalimu alisema meno yake hayaachi kukua. Nilichora, nikapata alama nane kwa kumi."

Tupa ilisimama. "Na barua yangu ulikuwa umeipata? Ile ya uji?"

"Ilikuwa ndani ya daftari hilohilo, Mama. Nilisoma barua, nikafurahi, nikaandika asante. Nikachora fuvu. Sikufikiri ni Karani. Nilifikiri ni sungura wa kitabuni."

Nyanchama alimwangalia binti yake mpaka macho yakamuuma. Maneno mengi yalimjia, na mengine yalikuwa makali, lakini leso ilianza kujinyonganyonga magotini na jua lilikuwa linashuka upande wa chai.

"Osha mikono," alisema. "Njoo umshike kichwa. Usikaze shingo, na usifumbe macho."