Mtambo Uliohitaji Mvivu

Mume wangu Gaspari ni mvivu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani hadithi hii itamgeuza kuwa kitu kingine. Niliposindikizwa kutoka kwetu Kaniha kuja kuolewa huku Ngara, mama alimtazama mara moja tu, akaninong'oneza, "Deodata, huyu atakufa amelala." Hajafa bado, lakini kwa usingizi hana mpinzani wilaya nzima.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tuliacha migomba yetu na chemchemi yetu nzuri, tukapangwa kwa mistari chini ya kilima, upande wa Nyamiaga. Juu ya kilima serikali ilikuwa imejenga chuo cha mafunzo chenye vyoo vya kuvuta maji. Majitaka ya chuo yaliteremka kwa bomba hadi kwenye bwawa, na bwawani kulikuwa na mtambo wa dizeli wenye mapanga ya kuyakoroga maji na kuyatia hewa. Kutoka bwawani maji yalipita kwenye mfereji, na kando ya mfereji huohuo ndipo walipotuchimbia kisima cha kunywa. Aliyechagua mahali pale simjui. Najua tu kwamba kwao ni mbali, maana yeye hakukinywa.

Gaspari ndiye aliyepewa kazi ya kuuendesha mtambo. Asubuhi aliuwasha, nao ukanguruma mpaka vikombe vyangu vikatetemeka. Jua likifika utosini aliuzima, akajinyoosha kibandani, akalala mpaka jioni. Mchana kutwa bwawa lilikaa kimya, tope likitoa mapovu kutoka chini kama tumbo la mtu aliyeshiba rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilikuwa nikipita na kuni kichwani namtukana. Alikuwa akifungua jicho moja, ananiambia, "Mke wangu, hata injini inachoka," kisha analifunga.

Ndipo vita vikaja. Redio ilitangaza kwamba adui amevuka mpaka na kuingia Kagera, na vijana wakapanda malori wakaenda. Wale waliobaki wakawa wakali kuliko wale waliokwenda. Mkali kuliko wote alikuwa Bartholomayo, katibu wetu wa tawi, mtu ambaye hajawahi kushika jembe ila siku ya kupigwa picha. Alizunguka kijijini akihesabu nani anafanya kazi na nani amekaa, na mchana mmoja alimleta mgeni kutoka mkoani kuuona mtambo. Walimkuta Gaspari amelala chali, mdomo wazi, nzi anatembea juu ya jino.

"Huu si usingizi," alisema Bartholomayo. "Hii ni hujuma. Wenzetu wako mstari wa mbele, huyu amezima mtambo wa taifa."

Mgambo walimpeleka mjini rumande. Sikulia. Nilijiambia kwamba huko nako atalala, na chakula atapikiwa na mtu mwingine.

Mahali pake akawekwa Desderius. Kijana huyu alikuwa amekataliwa jeshini kwa sababu ya nyayo zake bapa, na aibu ile ikamfanya aamue kupigana vita vyake bwawani. Aliuwasha mtambo alfajiri na hakuuzima tena. Aliuendesha mchana, aliuendesha usiku, akilala kwa zamu na mdogo wake. Mapipa ya dizeli yaliyokuja na mtambo yalipungua huku malori ya wanajeshi yakisota barabarani kwa kukosa mafuta, lakini nani angethubutu kusema? Mtambo ulinguruma, na mngurumo ndio ulikuwa maendeleo. Bartholomayo alikuwa akitega sikio mlangoni kwake, anatabasamu kama mtu anayesikiliza kwaya ya Pasaka.

Na kweli, maji yalipendeza. Harufu ilikwisha, mapovu yalikwisha, mfereji ukang'aa mpaka ukaweza kuona vijiwe chini. Watu walisema, "Ona kazi ya mwanamume." Walikuwa wakinitazama mimi wakisema hivyo.

Wakati huo nilikuwa na mjukuu mchanga. Binti yangu Ildefonsa alifariki alipomzaa, na baba wa mtoto alikuwa vitani, hivyo Bonifasia mdogo alibaki kwangu, akinywa maziwa ya unga ya zahanati. Nilimkorogea kwa maji ya kisima, na niliyachemsha vizuri. Mimi si mtu wa kufanya mambo nusunusu.

Kwanza midomo ilibadilika rangi. Kisha kucha. Mtoto akawa wa samawati iliyochanganyika na kijivu, anahema upesi, ananyonya chupa kidogo halafu anaiacha kwa uchovu. Nikadhani ni uchafu, nikayachemsha maji kwa muda mrefu zaidi. Akazidi.

Nilimkimbiza kwa Theonest, mganga wa zahanati.

"Shikamoo mama," alisema, akamchukua mtoto, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Maji ya maziwa unatoa wapi?"

"Marahaba. Kisimani, mwanangu. Na nachemsha mpaka sufuria inalia."

"Usichemshe tena. Kuna chumvi imeingia kwenye maji yale, inaitwa naitreti. Haina rangi, haina ladha. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale na kuzidi ukali. Watu wazima haituui. Watoto wanaonyonya mama zao haiwafikii. Lakini huyu anainywa kila siku, na damu yake inashindwa kubeba hewa. Akiendelea kuinywa tutamzika."

Alisema hivyohivyo, tutamzika. Nilimshukuru kwa kutonizunguka.

Aliniruhusu kuchota maji ya mvua kwenye tangi la zahanati. Lakini kilikuwa kiangazi, na ndani ya tangi yalibaki ya kulowesha kisigino. Nilikwenda mara moja kwenye chemchemi yetu ya zamani, nikarudi jua likizama, goti limevimba kama kibuyu, na mtoto kutwa nzima alikuwa kwa jirani. Ikawa wazi: tangi likikauka kabla kisima hakijapona, mjukuu wangu anakwenda kumfuata mama yake.

Theonest alimwita Ansbert, bwana maji wa wilaya, yule aliyeufunga mtambo ulipoletwa. Ansbert alikuja na vichupa vyake, akachota huku na huku, akautazama mtambo, akauliza, "Unaendeshwa saa ngapi?"

"Saa zote, ndugu!" akajibu Desderius, kifua mbele.

Ansbert akajishika kichwa.

Ulipoitishwa mkutano alieleza, na hata mimi nilimwelewa. Mkojo una sumu yake, na ile ndiyo inayonuka. Ukiyatia maji hewa, kuna vijidudu vinavyoigeuza sumu ile kuwa chumvi ya naitreti. Harufu inakwisha na maji yanang'aa, lakini chumvi imo, nayo inapita mferejini na kupenya hadi kisimani. Ukizima mtambo, hewa inakwisha majini, na vijidudu vingine vinaanza kutafuta hewa kwa shida. Vinaipata ndani ya chumvi ile. Vinaivunja, vinachukua hewa yao, na kilichobaki kinapanda juu kwa mapovu na kwenda zake. Kazi ya nusu ya pili inafanywa na ukimya, bila tone la dizeli.

"Mtambo huu lazima upumzike nusu ya siku," alisema. "Niliwaambia siku ya uzinduzi."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema taratibu, "Siku ya uzinduzi mtambo ulikuwa unanguruma, mwanangu. Tuliona tu midomo yako."

Bartholomayo akasimama. "Ndugu wananchi! Askari wetu hawapumziki. Hivi kweli tuandike mkoani kwamba tumeuzima mtambo kwa sababu ya mtoto mmoja?"

Sikungoja kupewa nafasi ya kusema. Nilimvua Bonifasia kanga, nikamwekea katibu mezani, juu ya makaratasi yake. "Mtoto mmoja ni huyu," nilisema. "Mtazame kucha, ndugu katibu. Mwandikie baba yake kule mstari wa mbele kwamba anayemuua mwanawe si adui, ni kelele zako."

Akamtazama, akaanza kuyachomoa makaratasi yake polepole chini ya mtoto. Ikaamuliwa kwamba Desderius awe anauzima mtambo saa sita mchana.

Desderius hakuweza. Simsingizii. Aliuzima kweli, akakaa mikono magotini, na ukimya ukamwasha mwili mzima kama upupu. Gari likisikika kwa mbali aliuwasha, asije akaonekana mvivu. Bartholomayo akikohoa, aliuwasha. Siku nyingine aliuwasha kwa sababu tu, alisema, alimkumbuka kaka yake aliyekuwa vitani. Walipomweka mdogo wake ikawa yaleyale. Walipomweka kijana mwingine, akaona heri auwashe kidogo ili apate kuripoti kazi ya ziada. Kijiji kizima kilikuwa kimefundishwa kwamba anayekaa ni msaliti, na sasa hakupatikana mtu wa kukaa.

Mimi nilikuwa nikikwangua tangi la zahanati kwa kikombe. Nilikuwa nikisikia bati likilia, na kila asubuhi nilikuwa nikizitazama kucha za mtoto kabla sijaitikia salamu ya mtu.

Mkutano wa pili uliitishwa. Ansbert alikuwa amechoka, sauti imemkauka. "Jamani," alisema, "sihitaji fundi. Sihitaji shujaa. Nitafutieni mtu mmoja tu ambaye saa sita ikifika ataacha kazi, na hata apite waziri hataigusa tena mpaka kesho. Hakuna mtu kama huyo kijiji kizima?"

Kisha kichwa kimoja kikageuka, na kingine, na kingine, mpaka kijiji chote kikawa kinanitazama mimi.

"Mama Ildefonsa," alisema Bartholomayo, na kila neno lilimtoka kwa taabu kama jino, "huyo... mzee wetu. Unaweza kumdhamini?"

Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemsema mume wangu kisimani, shambani, kanisani, mpaka kwa padri. Sasa nilitakiwa nisimame hadharani nimsifu, mbele ya watu walewale waliomfunga na kunicheka.

"Kwa akili simdhamini," nilisema. "Kwa juhudi simdhamini. Lakini kwa kulala, ndugu katibu, naweka kichwa changu."

Bartholomayo mwenyewe alikwenda mjini kuomba atolewe rumande. Gaspari alirudi amenenepa, akakabidhiwa tena mtambo wake. Alipoelezwa habari za naitreti na vijidudu alitikisa kichwa taratibu kama profesa. "Nilikuwa najua," alisema. Hakujua lolote, mwongo yule, na mpaka leo anawaambia watu kwamba alijua. Bartholomayo naye aliandika mkoani kwamba tawi lake limebuni mpango wa kubana mafuta kwa ajili ya vita, na Desderius akapewa cheti.

Tangi lilikuwa limebaki na tope tupu siku Ansbert alipopima tena maji ya kisima na kuniambia yanafaa. Nilichota ndoo, nikakaa mlangoni, Bonifasia mapajani. Mtambo ulikuwa unanguruma, nami sikuigusa chupa. Jua likafika utosini, mtambo ukakohoa, ukanyamaza. Likapita gari la serikali barabarani, likapiga honi. Hakuna kilichowashwa.

Nilitega sikio mpaka nikasikia, kutoka kule kibandani, mume wangu akikoroma. Ndipo nikamkorogea mtoto maziwa.