Piano Bila Wachezaji
Papa Cyprien ndiye mkubwa wa ukumbi wetu hapa Muhumba, na siku ile ya tamasha aliniudhi mpaka nikasahau adabu. Nilikuwa nipige kwenye piano muziki nilioutunga mwenyewe, nilioutoa katika ngoma ya watu wetu, Bashi, ya kumsindikiza bibi harusi. Mkono wangu wa kushoto ni miguu ya wamama, wa kulia ni mabega yao. Mwaka mzima niliuhangaikia muziki huo. Nilitaka kitu kimoja tu: watu wakae kimya wausikilize, kama wanavyosikiliza muziki wa Wazungu.

Basi naingia ukumbini, nawakuta Maman Apolline na wenzake wamejipanga nyuma ya piano, vikwembe vimefungwa kiunoni, njuga miguuni. Maman Apolline ndiye anayeongoza ngoma kwenye harusi zetu, na ngoma hiyo niliichukua kwake. Papa Cyprien alikuwa amewaita bila kuniambia. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, kwamba wageni wametoka mbali, wanataka kuona Afrika, na piano peke yake wanayo kwao.

Jamani, damu ilinichemka. Nikamwambia kwamba hizo mazurka za Wazungu anazozipenda zilikuwa ngoma za kijijini, za wakulima wenye matope miguuni. Wazungu wenyewe walizichukua wakazitia kwenye piano, na dunia nzima ikanyamaza kuzisikiliza. Nani aliwadai walete kwanza wakulima jukwaani? Akajibu kwamba bila wachezaji hakuna tamasha, akageuka.

Kilichoniuma zaidi ni Maman Apolline. Alidhani namwonea haya mbele ya wageni.

"Elodie, unatufukuza?"

Machozi yakanilenga. Nikamshika mkono. "Hapana, Maman. Nataka musikie."

Nikawashusha jukwaani, nikawaketisha mstari wa mbele, kwenye viti vya wakubwa, na njuga zao. Wakubwa wakahangaika kutafuta pa kukaa. Poleni sana.

Papa Cyprien kuona hivyo, akaamuru jenereta izimwe. Taa zikafa, maikrofoni ikafa. Alifikiri nitashuka. Ebo, piano inakunywa mazout kama jenereta? Ilikuwa mchana, madirisha wazi. Nikaanza kupiga.

Niliogopa, sikatai. Wamama hawa wangekaa wasisikie kitu chao, basi nilikuwa nimeandika kelele tu, na Papa Cyprien angekuwa na haki. Nikafika pale bibi harusi anapogoma kuvuka mlango wa kwao, na miguu inakanyaga papo hapo, haiendi mbele. Nikasikia njuga moja ikilia, mara moja tu, pale pale inapotakiwa kulia. Kisha nyingine. Nikatupa jicho: wamama wameketi, macho wamefumba, mabega yanakwenda.

Papa Cyprien naye aliona. Akaja mbio akipita kando ya ukuta, akainama mbele yao, akawaomba wapande jukwaani sasa hivi, maana miili yao yenyewe inataka, na jenereta ataiwasha mara moja.

Maman Apolline hakufumbua hata macho.

"Ikala, kaa chini, Papa Cyprien," akasema, na ukumbi wote ukasikia. "Tuko tunacheza."