Mjomba wa Kisimani

Nilimuua mjomba wangu Jumamosi saa tatu asubuhi, nimekaa kwenye benchi. Nilimzamisha kisimani. Hakunisumbua, kwa sababu hakuwahi kuwepo: mama yangu alizaliwa peke yake, hana kaka wala dada.

Benchi lilikuwa la yule wanayemwita Mtaalamu, anayetibu watu wanaosikia sauti. Dada yangu anazisikia. Ni fundi cherehani, na akimeza vidonge vya hospitali sauti zinapungua, anashona sare za shule huku anapiga umbea kama kawaida. Mtaalamu akamwambia mama kwamba vidonge ndivyo vinavyomlisha pepo aliyemwingia. Akavichukua, akavitia kwenye droo ya meza yake. Wiki ya tatu dada akakata vifungo vya sare zote, eti vinamkodolea macho. Wiki ya tano Mtaalamu akamnyoa kipara, akamfunga mikono kwa kamba. Alama hazijafutika.

Nilimweleza mama vizuri tu. Nilisomea mambo ya akili chuo kikuu, miaka miwili na nusu. Akaniuliza cheti nimekitundika ukuta gani. Basi, nikaona huyu bwana na yeye lazima anyolewe.

Kazi yake nilishaichunguza. Pale nje kuna mama anafagia. Anafagia palepale pasafi, huku anakuuliza mwanangu nyumbani mko wangapi, nani ametangulia, alikufaje. Akimaliza anaingia ndani na fagio lake. Jumamosi hiyo, mama na dada wakiwa bado dukani wananunua maji, nilimlilia huyo Mama Fagio: kaka yake mama, kisima, shati la njano. Akanipa pole nyingi. Akaingia na fagio.

Tulipoitwa, Mtaalamu alifumba macho, akatetemeka kidogo.

"Kaka yako analia, mama. Yule wa kisimani. Shati lake la njano bado bichi."

Nikamgeukia mama, nangoja radi. Mama akafikiri, akasema polepole, "Marehemu baba alikuwa na mambo yake. Labda alizaa nje."

Chuoni walitufundisha hili, nami nikadhani nimelielewa: imani ukiitoboa, mwenyewe anaiziba kwa kitambaa chochote kilicho karibu. Nikakiri hapohapo kwamba mjomba nimemzua mimi, nikampa Mama Fagio pale nje, naye akamleta ndani. Mtaalamu akacheka, akamwambia mama kwamba aliyeniingia mimi ni mkubwa kuliko wa dada. Na mama akaanza kuniangalia kwa huruma.

Dada alikuwa anavikodolea macho vifungo vya shati la Mtaalamu.

"Mama," akasema, "mimi nawasikia watu watano kila siku. Nawajua mpaka vikohozi vyao. Huyo mjomba hayupo. Angekuwepo, si ningemsikia mimi kwanza, kichaa wako?"

Mama akamtazama. Kisha akaitazama mikono yake, pale kamba ilipokata. Akainuka, akaivuta droo mwenyewe. Mtaalamu akanyoosha mkono kumzuia.

"Niguse uone," mama akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Tukatoka na vidonge. Lakini mimi nilikuwa sijashiba. Mama Fagio alikuwa ameenda kumwaga taka, na kwenye benchi kulikuwa na watu tisa. Nikawasimulia yote, nikawaonyesha mikono ya dada. Nikawaomba kitu kimoja: kila mtu amzulie Mama Fagio ndugu mmoja, na amchanganye na wa kweli. Mzee mmoja ambaye hajawahi kuoa akauliza kama anaweza kufiwa na wake wawili. Nikamruhusu.

Mama akasema twende nyumbani. Dada akameza kidonge chake kwa maji ya dukani, akakaa chini, akataka tungoje kidogo. Mama Fagio akarudi, akafagia benchi zima, akaingia ndani na mzigo wake wa maiti.

Dirisha lilikuwa wazi. Tukamsikia Mtaalamu anamuuliza, kwa sauti ya chini, kama ana uhakika hao marehemu waliwahi kuwepo. Akamuuliza tena. Nikataka kucheka, dada akanibana goti.

"Mwache," akasema. "Mimi mwaka wa sita huu najiuliza hivyohivyo."