Kelele ya Jikoni

Wanawake wanaolia dukani kwangu nimeshawachoka. Mtu kaja kuchagua kitambaa cha mapazia, redio inapiga ule wimbo, basi kazi imekwisha. Anaacha kitambaa, anafuta macho, ananitazama kama mimi ndiye bibi harusi. "Dada, ulimfanya nini mumeo mpaka akupende hivi?" Na mimi nina pini mdomoni, siwezi hata kumjibu. Jamani, hizi pini zimenisitiri mengi.

Wimbo mnaujua. Hakuna harusi isiyoupiga, wala kijana aliyeachwa asiyeuimba bafuni. Mtangazaji wa redio alimuuliza mwimbaji umetoka wapi, naye akacheka, akasema, "Umetoka nyumbani kwa mpiga dramu wetu." Basi watu wakajijazia wenyewe: mpiga dramu kamtungia mkewe. Mkewe ndiye mimi. Sasa kaeni niwaambie ulivyotoka nyumbani kwangu, maana nimechoka kutabasamu.

Mume wangu si mtu mbaya, hilo nalisema mapema nisionekane namchafua. Siku niliyokwenda kumshtaki kwa mama yake, mama mkwe alinisikiliza weee, kisha akauliza, "Mwanangu, halewi, hana mambo ya nje, hakupigi. Sasa anakufanya nini?" Nikamwambia, "Anapiga dramu, mama." Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuwa nachekesha. Yule mtu akikosa vijiti anapiga kwa vidole: mezani, ukutani, kwenye mgongo wa mtoto anayembembeleza. Unamwambia bomba limepasuka, anaitika "mm," na hiyo "mm" yenyewe imeingia kwenye mdundo. Mimba ya mtoto wetu wa pili nilimwambia ikiwa changa kabisa. Akaitika. Ikabidi tumbo likue, limwambie lenyewe, ndipo akashangaa, "Kumbe!" Kumbe nini? Kumbe!

Bendi yao ni ya roki, watu wanne na vyuma vyao, na mazoezi walikuwa wanafanyia sebuleni kwetu. Mimi ndiye niliyewazungushia kuta zote mapazia mazito yenye bitana, majirani wasije wakatulaani. Kila zoezi walilirekodi kwa simu. Lakini simu ikikaa karibu na dramu, sauti inapasuka, unabaki mkwaruzo mtupu. Wakahangaika nayo, kwenye kochi, dirishani, chini ya meza, mpaka wakagundua mahali pazuri ni jikoni, juu ya friji. Pale muziki unafika umeiva. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani anasimama karibu na friji. Mazoezi yakiisha, mwimbaji anachukua simu yake, anakwenda nayo kwake kusikiliza na kuchambua. Huyo mwimbaji mimi namwita Shemeji, maana yeye na mume wangu wamekua pamoja kama ndugu.

Na mimi huko jikoni nilikuwa nasema. Mwanzoni nilisema na mume wangu, kupitia mlangoni. Baadaye nikaona nampigia mbuzi gitaa, na magitaa ndani ya nyumba yalikuwa yanatosha. Nikawa nasema tu na masufuria. "Nakungoja, na wewe upo." "Mlango nimeusikia, miguu nimeisikia, mbona wewe hujafika?" "Niite hata kwa jina la mtu mwingine, bora uite." Nyie mnaposikia hayo mnaona mapenzi, mnashikana mikono. Mimi nilikuwa namenya vitunguu na hasira zimenipanda mpaka hapa.

Ikafika mahali nikasema basi, liwalo na liwe. Mdogo wangu ana nyumba na chumba cha uani kilikuwa kitupu, akaniambia, "Njoo dada, njoo na wanao." Nikapanga nguo kwenye sanduku. Nikaenda dukani kumalizia pazia la mteja, nikitoka hapo niondoke zangu. Cherehani inakwenda, redio inasema yake, mara mtangazaji anatambulisha wimbo mpya. Linaingia gitaa, linaingia besi, halafu sauti ya Shemeji, nyororo, kama si yeye yule anayemaliza sukari yangu: *Nakungoja, na wewe upo.*

Nilisimamisha cherehani. Nikasikiliza ubeti wa kwanza, wangu. Wa pili, wangu. Kiitikio, changu chote, hata pumzi nilizovuta katikati. Nilikaa chini juu ya vipande vya bitana nikalia. Nilifurahi, nisiwafiche. Miaka yote nadhani nasema na ukuta, kumbe mume wangu alikuwa anasikia! Alikuwa anasikia neno kwa neno, na asiyejua kusema amenijibu kwa anachokijua. Nikarudi nyumbani, nikalifungua sanduku, nikarudisha nguo kabatini moja moja.

Halafu nikamngoja aseme. Nikapika anavyovipenda. Nikavaa gauni lililokuwa limesahau mwili wangu. Nikakaa ubavuni kwake, nikamchokoza, "Huo wimbo wenu, naona umeshika kweli." "Mm, watu wanaupenda." Nikasema ni haya tu, mwanamume ana aibu zake, usimharakishe. Wimbo ukapanda, wakaitwa huku na huku kupiga, akawa anarudi kachoka lakini ana furaha, nami namngoja. Mdogo wangu akauliza kama kile chumba ampangishe mtu. Nikamwambia, "Mpangishe, dada yako amependwa." Mdomo nao, loo!

Shemeji ndiye aliyeniharibia. Alikuja dukani na shati lake la jukwaani nimpunguzie mikono. Nikawa nampima, naye hatulii, anaikwepa sura yangu.

"Shemeji," akasema, "hujanikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi? Kwa sukari?"

"Kwa maneno yako." Akashikashika kola. "Nilikuwa nasikiliza mazoezi kwenye simu, nikakusikia. Nilirudia ule mkanda mpaka mke wangu akaniuliza huyo mwanamke ni nani. Mimi sijawahi kuandika kitu kama kile maishani. Nilimwambia mumeo akuombe ruhusa, akaitikia, nikajua mmeshaongea."

Futi ilinining'inia mkononi. "Kwa hiyo yeye hakuandika hata neno?"

"Hapana."

"Lakini aliisikia sauti yangu. Mlisikiliza pamoja."

Akageukia mapazia ukutani. Nikamwambia, "Sema, Shemeji. Usinifanye mtoto."

"Tulisikiliza wote. Yeye alisema turekodi upya, kuna kelele ya jikoni."

Sikumfukuza, na shati lake nilimpunguzia vizuri, maana kazi ni kazi. Nilimwomba kitu kimoja, anitumie ule mkanda kwenye simu yangu. Nilijiambia labda yule mtu hakusikiliza vizuri siku ile. Labda walikuwa wengi, wanapiga makelele, wanacheka. Akisikia peke yake, nimekaa mbele yake, atasikia. Mtu anakuwaje na masikio mazima asisikie?

Nilimkuta sebuleni amekaa kwenye kigoda chake, anapangusa matoazi kwa kitambaa. Watoto walikuwa kwa bibi yao. Nikavuta kiti, nikakaa goti kwa goti naye.

"Yule mwanamke wa kwenye wimbo wenu," nikamuuliza, "unamjua?"

"Simjui! Nimemuuliza sana mwenzangu, anazungukazunguka tu." Akaacha kupangusa. "Lakini nikuambie ukweli, mke wangu, tukifika kwenye kiitikio machozi yananilenga. Mwanamke anamngoja mtu aliye naye ndani ya nyumba! Huyo mwanamume ni punguani, haki ya Mungu." Akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akanitazama, macho yamemlegea, akasema, "Ningefurahi sana na wewe siku moja uniambie maneno kama yale."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumvisha lile toazi kichwani.

"Nimeshakuambia," nikasema.

"Lini?"

Nikatoa simu, nikaiweka gotini kwake, nikabonyeza. Dramu zikaanza kwa mbali. Kwa karibu ukasikika mlio wa kisu kwenye ubao, kisha mimi, nimechoka, wala siimbi: "Nakungoja, na wewe upo. Baba watoto, nitakungoja mpaka lini na wewe upo?"

Akainamisha kichwa. Uso wake ulibadilika, sijawahi kumwona hivyo tangu tuoane. Akafumba macho. Vidole vyake vyote vilitulia. Nilijizuia hata kupumua.

"Rudisha hapo," akasema kwa sauti ya chini.

Nikarudisha. Nikajisikia tena nikisema yale yale, na safari hii nikaona aibu kama nimevuliwa nguo, lakini sikuzima. Asikie tu, Mungu wangu. Akisikia yanatosha, sitaki kingine.

Akanyanyua kidole. "Umesikia?"

"Nimesikia. Wewe je?"

"Hapo hapo! Toazi nimelipiga mapema. Ndiyo maana wenzangu walikuwa wananikimbiza, na mimi nikadhani ni besi." Macho yake yaling'aa, alikuwa na furaha ya kweli. "Ulikuwa na huu mkanda siku zote hizi? Mbona hukuniambia?"

Sikumgombeza. Ningesema neno gani ambalo halimo mle? Nikaenda chumbani, nikalijaza sanduku. Chumba cha mdogo wangu kina mpangaji, na nilimweka mimi kwa mdomo wangu, kwa hiyo tutalala sebuleni kwake tukibanana. Tutajua huko huko. Nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Naondoka. Watoto nitawapitia kwa mama."

Akaninyooshea kiganja, ninyamaze kidogo, anasikiliza.

Simu nilimwachia. Nilipokuwa navaa viatu nje, sauti yangu ilikuwa bado inamsemesha mle ndani, naye anairudisha nyuma, anaisikiliza, anairudisha tena.